Tikiti Zimeisha, Viti Vitupu

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi tangu alfajiri, na manyunyu yale ya Thika ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Nguo zilizoanikwa Alhamisi bado zinaning'inia mbele ya nyumba, nzito vile vile.

Naandika leo leo, kwa sababu kesho habari hii itakuwa imesimuliwa mtaa wetu mzima wa Kiganjo na watu wengine, na mimi nitaanza kuamini ya kwao. Mimi si mwandishi. Niliachia darasa la saba kule magharibi, na Kiswahili changu kimepitia shamba la mananasi na kibanda cha viatu kabla ya kufika hapa. Nikikosea, anayesoma anisamehe. Nikimsema mtu, nimejaribu kuandika na upande wake.

Binti yetu ni mrefu. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu huanza na hilo. Kwanza alifanya kazi ya kupanga mikebe katika kiwanda cha matunda, na mgongo ukamsumbua kwa sababu meza za pale zilitengenezewa watu wengine. Sasa analipwa kucheza mpira wa kikapu. Mama watoto na mimi tulichukua muda kuelewa kwamba mtu anaweza kulipwa kwa hilo, lakini tukaona jambo moja: ni kazi ya kwanza aliyoifanya akiwa amesimama wima. Tangu hapo hatukuuliza tena.

Timu yao huchezea katika ukumbi mmoja hapa Thika, upande wa barabara ya kwenda Garissa. Mwenye timu ni bwana wa kiwanda cha mabati. Yeye ndiye huwalipa wasichana, ndiye aliyewanunulia basi dogo na viatu, na viatu hivyo nimevishona mimi mara nyingi, kwa hiyo najua si vya bei rahisi. Naliandika hilo mapema, kwa sababu mbele kuna maneno aliyoniambia na sitaki aonekane mtu mbaya.

Msimu ulipoanza, kila mchezaji alipewa kitita cha tikiti awauzie jamaa zake. Binti yetu hawezi kuuza kitu. Akisimama mbele ya mtu, mtu humwuliza kama huko juu kuna baridi, naye huondoka. Basi nikazichukua mimi.

Niliziuza zote. Nilikaa kibandani pangu pale steji ya matatu ya Kiganjo, na kila aliyeleta kiatu nilimwambia, "Binti yangu anacheza Jumamosi. Nisaidie na tikiti moja." Akatoa pesa kabla sijamaliza. Bei ilikuwa kama ya sahani ya chipsi, si kitu cha kumtoa mtu jasho. Kanisani zikaenda nyingine. Mwenyekiti wa chama cha akina mama, jirani yetu, mama wa Kikuyu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akachukua za chama chote. Ruiru nako, shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, mwenye duka la misumari na rangi, akawauzia wateja wake. Zetu zilipoisha nikachukua za wachezaji wengine, nazo zikaisha. Kocha akaanza kuniita mzee wa soko. Nilijisikia vizuri kuliko inavyofaa.

Siku ya mechi tulitoka mapema, mama watoto na mimi, tusije tukakosa kiti.

Viti tulipata. Tulipata vyote. Tulikuwa sisi wawili, mlinzi wa mlangoni, wazazi wachache wa wachezaji, mwuza smoki, zile soseji za barabarani, na mayai, ambaye alikuwa amechemsha mayai ya ukumbi mzima, na njiwa waliokaa kwenye vyuma vya paa. Mpira ukidunda ulisikika mara mbili, sakafuni na kwenye ukuta wa mbali. Timu ya wageni kutoka Nairobi ilidhani wamekosea siku. Mama watoto hawezi kuvumilia kimya, akaona ni aibu, akapaza sauti, "Mpeni mtoto wangu huo mpira!" Binti akageuka kutoka katikati ya uwanja akasema, "Mama, ninao." Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba tulimsikia bila yeye kupaza sauti. Refa alicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mwenye timu alinikuta mlangoni.

"Mzee, tikiti si ziliisha?"

"Ziliisha."

"Zote?"

"Zote, bosi."

Akatazama ndani tena. "Sasa uliziuza wapi? Makaburini?"

Akaendelea, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mimi sitafuti pesa ya mlango. Pesa ya mlango hainunui hata maji yao. Natafuta watu. Jina la mabati yangu nimeliandika pale ukutani, na wanaolisoma ni njiwa." Akaniambia mechi ya mwisho ya hapa nyumbani ni dhidi ya timu ya Ruiru. Atakuja na rafiki yake, mwenye kinu cha unga, ambaye anaweza kushikana naye kuilipia timu. "Viti vikiwa hivi tena, mwakani sina timu. Jina langu nitaliandika kwa lori. Lori angalau hupita mbele ya watu."

Nilifikiria maneno ya lori njia nzima, na kusema haki, niliona yana maana.

Nyumbani binti alikuwa anafua soksi kwenye karai. Alikuwa ameshaambiwa, wote walikuwa wameambiwa. Hakuinua kichwa. "Baba, mechi ya Ruiru usiuze wewe," akasema. "Wewe ukiuza, watu hawaji."

Si kwamba alikosa heshima. Alikuwa anasema alichokiona.

Jumatatu mama mwenyekiti alileta viatu vya kanisa, kisigino kimelegea. Nikaona nianze naye.

"Mama, Jumamosi hatukuwaona."

"Wapi?"

"Kwa mpira."

"Kwani kulikuwa na shida? Pesa si nilikupa?"

"Ulinipa. Lakini ile tikiti ni ya kuingia."

"Niingie nifanye nini?"

"Utazame."

Akanitazama kama mtu anayetafuta dalili ya homa. "Fundi, wewe ukiniletea kadi ya mchango wa mgonjwa, nikaweka kitu changu, mimi huenda kulazwa?"

Watu wawili waliokuwa wakingoja viatu walicheka mpaka mmoja akashika mti. Mimi niliendelea kupigilia kisigino.

Nikauliza wengine. Mzee wa kanisa aliniambia tikiti yake ameiweka ndani ya Biblia, na kila akiiona humwombea binti magoti yake. Nilimshukuru, kwa sababu magoti ndiyo kazi yenyewe. Kijana wa bodaboda alisema amezaliwa hapa, na maporomoko ya Chania hajawahi kwenda kuyatazama, maji yanaanguka bure kila siku, sasa ataenda kutazama mpira? Nikampigia shemeji simu Ruiru.

"Shemeji, watu wangu walinunua kwa heshima yako," akasema. "Sasa tena waje wakae hapo, si itaonekana wamekuja kula mchango wao?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu mtu akija na kadi, unamsaidia halafu unamwachia nafasi. Kufuata pesa yako mpaka ilikoenda ni tabia mbaya, kama kumpa mtu sukari halafu ukae kwake ungoje chai. Na mimi mwenyewe neno langu lilikuwa "nisaidie." Walinisaidia, tena kwa moyo. Hakuna aliyekosa.

Mama watoto alikuwa anachambua kunde nilipomweleza. Akasikiliza, akatupa bua moja, akasema, "Lakini kwenye harambee watu hujaa."

"Hujaa kwa nini?"

"Baba watoto, mtu huenda kusikia jina lake."

Ni kweli. Kwenye mchango wa kanisa majina husomwa kwa maiki, ukisomwa unasimama, unapunga mkono, na akina mama wanakupigia vigelegele. Aliyetoa akikosa kusomwa, mwaka mzima utasikia habari hiyo.

"Tuseme majina ya walionunua yatasomwa wakati wa mapumziko," akasema. "Na asiyekuwa kwenye kiti hasomwi."

"Hiyo si kuwadanganya? Waje kwa sababu ya majina, si mpira?"

"Umesema utasoma, na utasoma. Uongo uko wapi?"

Nililifikiria jambo hilo siku nzima na sikuuona uongo, ingawa nilihisi upo karibu.

Kocha alikubali. Binti hakusema ndiyo wala hapana, ila alinipa tikiti mwenyewe mkononi, na nikalichukulia hilo kuwa ndiyo. Kocha alitaka nianze na wakubwa, mwenye hoteli, mwalimu mkuu, halafu wadogo. Nikasema hapana. Tikiti ya mkubwa na ya mdogo ni bei moja, sahani ile ile ya chipsi. Nitasoma vile watu walivyonunua, wa kwanza kwanza. Nilijiona mtu wa haki sana. Ningekuwa na akili kidogo zaidi, ningeona kwamba Ruiru nilikwenda mwisho.

Basi leo. Manyunyu, baridi, na watu. Walikuja na makoti na miavuli, wengine na vitambaa vya kanisani. Chama cha akina mama kilikuja na sare. Watu wa shemeji walikuja kutoka Ruiru wakajaza upande wa pili, wakikabiliana na sisi, na uwanja katikati. Mwuza smoki alinitazama kama ndugu yake. Kiti kitupu kilikuwa kimoja, na kilikuwa kimevunjika.

Upungufu ulikuwa mmoja tu, mwenye timu hakuwepo. Kocha alisema amepiga simu, yuko kwenye ruracio na huyo rafiki yake wa unga, na kikao cha mahari hakiondokeki mpaka wazee wakubali. Atafika mwishoni. Nikasema si neno, ukumbi umejaa.

Mapumziko yalipofika nikapewa maiki, nikasimama katikati ya uwanja. Mimi husoma polepole. Mtu akisikia jina lake alisimama, akapunga, akageuka ili wa nyuma nao wamwone, na akina mama walipiga vigelegele vyao kamili, hawapunguzi. Mzee wa kanisa aliomba maiki aseme neno moja, akasema sala. Mama mwenyekiti alisomwa, akaja akachukua maiki bila kuomba, akasema anamletea mchezaji salamu za mume wake, ambaye anaugua mguu, na za dada yake, na kwamba huyu msichana alimjua akiwa mfupi. Sidhani aliwahi kuwa mfupi, lakini sikukatiza.

Refa akapiga kipenga. Nilikuwa sijafika hata Ruiru.

"Mzee, toka uwanjani."

"Bado watu wengi, bwana refa."

"Toka na watu wako."

Nikatangaza kwamba waliobaki watasomwa mchezo ukiisha. Nikarudi kando, nikaketi karibu na mama watoto, na ndipo nikaona. Upande wetu watu walikuwa wanasimama, wanafunga makoti, wanaaga. Walikuwa wamesomwa. Shughuli imeisha. Viti vilikuwa vinabaki vitupu safu kwa safu, na upande wa Ruiru hakuna aliyetikisika, kwa sababu hakuna aliyesomwa.

"Wanakwenda wapi?" nikauliza.

"Nyumbani," mama watoto akasema. "Umewapa ruhusa."

Binti aliona pia. Alikuwa na mpira mkononi, akatazama viti vyetu, akapitisha mpira kwa mtu wa Ruiru. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Nilitaka kusimama niwaombe wakae, lakini niwaambie nini? Ahadi yangu nilikuwa nimeitimiza.

Waliotuokoa ni Ruiru. Shemeji yangu, na sijui kama alikusudia, alisimama kule upande wake akasema kwa sauti ya kuuza rangi, "Jamani, watu wa Thika wameshakula, sasa wananawa mikono."

Ruiru yote ikacheka.

Mama mwenyekiti alikuwa mlangoni, mwavuli nusu wazi. Akageuka. "Nani amesema hivyo?"

"Ni sisi, mama. Safari njema."

"Nyinyi wa Ruiru?" Akaufunga mwavuli. "Nyinyi Ruiru mnalala tu. Asubuhi gari-moshi linawabeba wote kazini Nairobi, jioni linawamwaga. Hata hapa mmekuja kulala."

"Angalau sisi tumekaa."

Mama mwenyekiti akawageukia akina mama waliokuwa wamefika nje. "Rudini. Nyote. Hakuna kuondoka kabla ya hawa watu."

Wakarudi. Na waliokuwa hawamo chamani wakarudi pia, kwa sababu mama huyo huwezi kumpita mlangoni akiwa anaingia. Wakaketi, mikono imekunjwa, macho upande wa pili. Ruiru nao wakakunja mikono. Kwa muda, nadhani mimi na refa ndio tuliokuwa tukitazama mpira.

Lakini mtu akikaa mahali, macho hutafuta kazi. Robo ya mwisho ilipoanza nikasikia mama mwenyekiti akimwuliza mke wangu, "Kwani yule akirusha kutoka mbali anapata tatu?"

"Tatu."

"Na wa karibu?"

"Mbili."

"Sasa kwa nini wasirushe wote kutoka mbali?"

Ni swali ambalo nami nimewahi kujiuliza. Halafu akamwona mchezaji wa Ruiru akimsukuma binti yetu na kiwiko, akasimama, akamwita refa kwa jina ambalo sitaandika. Ruiru wakamjibu. Basi ikawa mechi.

Mwenye timu aliingia wakati huo, yeye na rafiki yake wa unga, wote na suti za ruracio. Wakasimama mlangoni wakitazama. Hapakuwa na kiti. Mwuza smoki, ambaye mayai yake yalikuwa yameisha, aligeuza kreti akampa. Mwenye timu akaketi kwenye kreti la mayai katika ukumbi wenye jina lake ukutani, na nadhani sijawahi kumwona mtu amekaa vizuri zaidi.

Tulishindwa. Kwa kikapu kimoja. Binti ndiye aliyerusha wa mwisho, ukazunguka mdomo wa chuma, ukatoka. Mama watoto anasema aliguswa mkono. Mimi nilikuwa karibu na sikuona mkono. Naandika yote mawili.

Kipenga kikalia na hakuna aliyetoka, kwa sababu Ruiru walikuwa bado. "Mbona Thika walisomwa kwanza?" mmoja akauliza. Nikamwambia walinunua kwanza. "Kwa sababu ulikuja kwetu mwisho." Ilikuwa kweli, nikamwomba radhi kwenye maiki. Nikawasoma wote, na Thika wakawasikiliza mpaka wa mwisho, kama watu wanaohakikisha hakuna kilichozidi. Mama mwenyekiti aliwapigia vigelegele pia, ila vifupi.

Nilipomaliza, mwenye timu alikuwa amesimama kando yangu. Akainama karibu na sikio.

"Mzee, na mimi?"

"Wewe nini, bosi?"

"Sijasikia jina langu."

Nilimtazama. Wachezaji wote walikuwa pale na taulo shingoni, binti yetu karibu zaidi, na nilijua ninachopaswa kufanya ili kazi yake ibaki. Lakini kulikuwa na watu wa Ruiru waliongoja mpaka mwisho kusomwa kwa haki.

"Bosi, ningependa sana," nikasema. "Lakini hujanunua."

Kocha alifunga macho. Yule rafiki wa unga akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tai yake. Mwenye timu akaingiza mkono mfukoni, akanunua tikiti ya mechi iliyokwisha, na nyingine ya rafiki yake. Nikawasoma, wa mwisho kabisa. Wakasimama. Wakapunga mkono, wakageuka ili na wa nyuma wawaone, na mama mwenyekiti akawapa vigelegele vyao kamili, hakupunguza.

Mwenye timu alipokuwa anavaa koti aliniambia, "Mwakani nitanunua wa kwanza. Unasikia? Usije ukanisoma mwisho tena."

"Mwakani, bosi?"

"Si kuna msimu mwakani?" akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na wazo la lori.

Binti alikuwa amesikia. Aliketi sakafuni hapo hapo, miguu mirefu mbele yake, akaanza kufungua kamba za viatu. Alichukua muda mrefu kuzifungua. Tulipokuwa tunatembea kwenda nyumbani kwenye manyunyu, yeye akiwa ameshika mwavuli kwa sababu ndiye anayeweza kutufunika wote, alisema, "Baba, mwakani uza wewe."

Bado sijui kama watu wale walikuja kuona mpira. Nadhani mama mwenyekiti kidogo.

Jioni tumekula ugali, kunde, na samaki mmoja wa kukaanga. Binti alipewa kipande cha katikati kwa sababu alifanya kazi leo, mama watoto mkia, mimi kichwa. Niligawa mimi. Mama watoto anasema kichwa kilikuwa na nyama zaidi, na nimekitazama tena kwenye sahani, na nadhani haki iko upande wake.